Mkono Unapoinuka: Misuli, Neva na Damu ya Bega

Nyanyua mkono wako wa kulia kwa upande, polepole, mpaka vidole vielekee darini. Katika mwendo huo mfupi misuli kadhaa imesaidiana na kupokezana kazi, kila mmoja ukipata amri kutoka kwa neva yake. Sura hii itaufuata mkono huo hatua kwa hatua, kwa kuwa bega limeumbwa kwa ajili ya mwendo na halieleweki vizuri likiwa limetulia.

Tuanze na mifupa, kwa ufupi. Kichwa cha mfupa wa mkono wa juu ni cha mviringo na kikubwa, ilhali shimo la kombe la bega linalokipokea ni dogo, tena la kina kifupi. Ni kama kuegemeza chungwa kwenye kisahani cha kahawa. Nyonga imezama ndani ya shimo refu, ndiyo maana huteguka kwa nadra. Bega huteguka kuliko kiungo kingine chochote kikubwa mwilini, kwa sababu mifupa yake haishikani. Kazi ya kulishikilia imeachiwa misuli.

Misuli minne ndiyo hasa inayobeba dhamana hiyo. Yote hutoka kwenye kombe la bega, na kano zake huungana zikakizunguka kichwa cha mfupa: supraspinato kwa juu, infraspinato na terezi ndogo kwa nyuma, subskapulari kwa mbele. Watu husifu misuli inayotuna chini ya shati, lakini kwangu mimi hii minne iliyojificha ndiyo yenye bega. Vitabu vya zamani huipa supraspinato digrii 15 za mwanzo za kuinua mkono, ingawa vipimo vya umeme wa misuli vimeonyesha kwamba hata hapo msuli wa deltoidi, ulio juu ya bega, huwa umeshaanza kuvuta. Tofauti ni katika uelekeo wa nguvu: deltoidi ikivuta peke yake, kichwa cha mfupa hupanda na kugonga paa la bega, ilhali ile minne hukikandamiza kibaki katikati ya shimo.

Supraspinato na infraspinato huamriwa na neva moja, inayopita kwenye pengo dogo ukingoni mwa kombe, chini ya utepe mgumu, huku ateri mwenzake ikipita juu ya utepe huohuo. Kisha neva inazunguka mzizi wa mwinuko wa kombe kwenda nyuma. Kona hiyo huwaumiza wachezaji wa mpira wa wavu: kwa kupiga mpira juu ya kichwa mara nyingi mno, neva hubanwa, na infraspinato hunyauka mpaka bonde likaonekana mgongoni.

Sasa mkono umeinuka kiasi na deltoidi inafanya kazi yake kubwa. Msuli huu ndio unaolipa bega umbo lake la duara, na uhai wake uko mikononi mwa neva ya kwapa. Neva hiyo hutoka kwapani kwenda nyuma ikipita kwenye uwazi wa pembe nne kati ya misuli, ikiandamana na ateri, kisha inaizunguka shingo ya mfupa wa mkono, sentimita 5 hadi 7 chini ya ncha ya bega. Imelala karibu sana na mfupa. Kwa hiyo shingo hiyo ikivunjika, au bega likiteguka, neva iko hatarini. Daktari makini humgusa mgonjwa ngozi ya upande wa nje wa bega kabla hajalirudisha bega mahali pake, kwa sababu eneo hilo hupata hisia kutoka kwa neva hiyohiyo. Pakiwa na ganzi, anajua.

Hapohapo ndipo tunapochomwa chanjo. Muuguzi hupima upana wa vidole viwili au vitatu chini ya ncha ya bega. Akichoma juu mno, dawa inaweza kuingia kwenye kifuko cha ute kilichopo chini ya ncha na kuleta maumivu ya muda mrefu. Akishuka au kwenda nyuma mno, anazikaribia neva. Vidole hivyo vichache ni anatomia halisi.

Mkono unapoendelea kupanda, kombe lenyewe lazima ligeuke. Kwa wastani, kati ya kila digrii 3 za kuinuka, 2 ni za kiungo na 1 ni ya kombe. Misuli ya trapezio na serato ya mbele ndiyo hulizungusha. Serato hutegemea neva ndefu inayoteremka ubavuni karibu na ngozi, na ikikatwa, kwa mfano katika upasuaji wa titi, kombe hutokeza mgongoni mgonjwa anaposukuma ukuta.

Nyingi za neva hizi zina asili katika mizizi ya tano na ya sita ya shingo. Mtoto akikwama mabega wakati wa kuzaliwa na shingo ikavutwa, mizizi hiyo hujeruhiwa. Mkono hulala ukiwa umegeukia ndani, kiwiko kimenyooka. Wengi hupona, si wote.

Damu ya bega hutoka kwenye ateri kuu iliyo chini ya mtulinga, ambayo ikivuka ubavu wa kwanza huitwa ateri ya kwapa. Uzuri wake uko nyuma ya kombe, ambako matawi ya ateri zote mbili hukutana na kufanya mtandao. Njia kuu ikizibika taratibu kabla ya tawi la chini ya kombe, damu huweza kuzunguka kupitia mtandao huo na kuufikia mkono. Ikizibika baada ya tawi hilo, njia za pembeni huwa chache na mkono uko hatarini. Kwa daktari wa upasuaji anayezuia damu kwapani, sentimita chache kati ya sehemu hizo mbili huamua kama mkono utabaki.