Tezi Zikivimba Zisipungue: Kifua Kikuu au Saratani?

Leo tutazungumza juu ya tezi zinazovimba kwa mtu anayeishi na virusi vya ukimwi, awe mtoto au mtu mzima.

Tezi ni vile vifundo vidogo vya shingoni, kwapani na kwenye kinena. Mtoto akiwa na kidonda kichwani au jino bovu, tezi huvimba, kisha hurudi zilivyokuwa. Kwa mwenye virusi huweza kuvimba kwa sababu ya virusi vyenyewe, au kifua kikuu, yaani TB, ambayo haishiki mapafu peke yake. Lakini iko sababu nyingine tusiyoitaja sana: saratani ya tezi, iitwayo limfoma. Huwapata wenye virusi zaidi ya watu wengine, hasa kinga ya mwili ikishuka.

Shida ni kwamba magonjwa haya yanafanana. Homa, kukonda, jasho la usiku linalolowesha shuka: TB huleta hayo, limfoma pia. Kwa kuwa TB ndiyo nyingi kwetu, mgonjwa huanzishiwa dawa zake, na mara nyingi hupona. Lakini ikiwa amemeza dawa mwezi mzima bila kuruka na uvimbe unazidi kukua, mama, usingoje miezi 6 iishe. Rudi ukamwambie daktari waziwazi kwamba uvimbe haupungui. Ni kweli tezi za TB huweza kuvimba zaidi mwanzoni, hasa kwa aliyeanza ARV karibuni. Kwa kutazama tu huwezi kujua, na hata mimi muuguzi siwezi. Asiache dawa yoyote bila kuambiwa.

Limfoma nyingine hazianzii shingoni. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa Kampala, Uganda, aliandika juu ya uvimbe wa taya kwa watoto, na saratani hiyo ikaitwa kwa jina lake. Meno hulegea, uso huvimba upande mmoja, au tumbo hujaa. Hukua upesi mno, kwa siku tu. Iko nyingine, adimu, huota kwenye fizi za mtu mzima. Nyingine hujaza maji kifuani au tumboni bila uvimbe wowote. Maji hayo yakitolewa, uliza kama yanapelekwa maabara.

Hugunduliwaje? Kwanza huchomwa sindano nyembamba kwenye uvimbe. Hiyo husaidia sana kupata TB. Kwa limfoma, mara nyingi daktari hukata kipande au kutoa tezi nzima kwa ganzi, na mtaalamu akakitazama kwa darubini. Kupima damu pekee hakutoshi. Wengi husema kisu kikigusa saratani inasambaa. Si kweli, limfoma husambaa ikiachwa. Kuchoma uvimbe kwa chuma cha moto nako huongeza kidonda tu. Na tafadhali, usinunue dukani deksamethasoni au prednisoloni. Hupunguza limfoma kwa muda, familia ikafurahi, kisha kipande kikipimwa ugonjwa hauonekani vizuri.

Matibabu ni dawa za saratani pamoja na ARV, na wengi hupona wakifika mapema. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa ina kituo cha saratani. Jiandikishe SHA kabla ya safari, kwani NHIF ilikoma mwaka 2024. Beba kadi ya TB, kadi ya ARV na picha za eksirei.

Majibu ya kipande huweza kuchukua wiki kadhaa, na huenda wakati huo mmeshahama na mifugo. Kwa hiyo acha namba 2 za simu: yako, na ya jamaa aliye mjini mahali penye mtandao, ambaye mgonjwa anamwamini kwa siri yake.