Je, Wajua? Mahitaji ya Binadamu, kutoka Maslow hadi Mkalama

Je, wajua kwamba ile piramidi ya mahitaji ya binadamu inayofundishwa vyuoni kwa jina la Abraham Maslow haimo katika makala yake ya mwaka 1943? Mwanasaikolojia huyo wa Marekani alieleza nadharia yake kwa maneno tu: mahitaji ya mwili kama chakula na usingizi, kisha usalama, kisha kupendwa na kuwa na watu wako, kisha heshima, na mwisho mtu kutimiza uwezo aliojaliwa. Mchoro ulikuja baadaye, nao umepotosha wengi, kwani unaonyesha kana kwamba mwenye njaa hana nafasi ya kuwaza udugu wala heshima.

Maslow hakusema hivyo. Alitoa mfano wa mtu wa kawaida ambaye mahitaji yake ya mwili yametimia kwa asilimia 85, usalama 70, upendo 50, heshima 40 na hilo la mwisho 10. Yote yapo kwa wakati mmoja.

Je, wajua kwamba Wahadzabe hawalali wote kwa pamoja? Jamii hii huishi kulizunguka Ziwa Eyasi, na baadhi yao wako wilayani Mkalama, mkoani Singida. Mwaka 2017 David Samson na wenzake walichapisha utafiti wa usingizi wa Wahadzabe watu wazima 33, waliovaa vifaa vya kupimia usingizi kwa siku 20. Katika siku zote hizo, muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulifika dakika 18 tu! Wazee hulala mapema na kuamka mapema, vijana huchelewa. Huyu anaamka kuvuta tumbaku, yule anambembeleza mtoto. Hakuna aliyepangiwa zamu ya ulinzi, lakini karibu usiku kucha kuna jicho lililo wazi. Hapo usalama hautangulii kuwa na watu. Watu ndio usalama wenyewe.

Wakulima wa Singida nao wanalijua hilo. Mkoa una msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kabla mtama na uwele havijakomaa chakula cha ndani huwa kimepungua. Kwa hesabu ya piramidi, huo ungekuwa wakati wa kila mtu kufunga mlango wake. Nenda kwenye kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, uone. Mama aliyeuza jogoo mnadani ananunua hisa zake, kisha anatoa na mchango wa mfuko wa jamii, na fedha inaingia kwenye sanduku la kufuli tatu ambalo funguo zake ziko kwa watu watatu tofauti. Fedha ya jamii hutolewa mwanachama akifiwa au akiuguliwa. Kwa mchango huo mmoja mama amepata kinga, wenzake na jina zuri, na kesho yake bado atapika mlenda. Wanaomwona mbadhirifu kwa kuchangia wakati wa shida wanakosea kabisa, maana asiyezika wenzake anajua msiba wake utakuwaje.

Jaribu nyumbani kwako: andika mahitaji yote matano, jipe asilimia kama Maslow alivyofanya, kisha anza na hitaji lenye asilimia ndogo zaidi unaloliweza wiki hii, hata kama si chakula.