Shilingi 5 au shilingi 50: mtoto ale nini mchana?

Mzazi mwenye mtoto katika shule ya msingi ya umma hapa Nairobi ana njia tatu za kumlisha mchana. Nimezipigia hesabu kwa muhula wa wiki 13.

Ukimpa mtoto shilingi 50 kila asubuhi, muhula utakugharimu 3,250. Nazo zinaishia langoni, kwenye mandazi na krispi, na saa tisa mtoto anarudi nyumbani na njaa ileile.

Kumpakia chakula ni bora zaidi. Lakini maharagwe yanalowekwa usiku, yanakula makaa, na mama anaamka kabla ya jogoo. Githeri iliyofungwa alfajiri ikikaa kwenye mkoba darasani, saa saba kifuniko kikifunguka utasikia harufu ya kuchacha.

Kisha kuna Dishi na County, mpango uliozinduliwa mwaka 2023 na kaunti pamoja na Food4Education, shirika lililoanza Ruiru mwaka 2012 kwa kulisha watoto 25 tu. Mzazi analipa shilingi 5 kwa sahani kupitia simu. Mtoto anagusisha bangili ya mkononi kwenye kifaa, anapokea wali na ndengu za moto. Hakuna sarafu ya kupotea njiani. Muhula mzima: shilingi 325.

Bei hiyo inawezekana kwa sababu jiko moja kubwa linapikia shule nyingi, na nafaka zinanunuliwa kwa wingi. Hata hivyo, shilingi 5 si gharama yote ya sahani. Sehemu nyingine inatoka kwenye kodi yetu, kwa hiyo tuna haki ya kuuliza chakula kikichelewa au kikija kidogo.

Mimi ningechukua sahani ya shilingi 5 bila kusita, na zile karibu 2,900 zilizobaki nizipeleke kwenye sukuma wiki, mayai na ndizi za jioni.

Mtoto akishashiba, anahitaji pia kucheza; kwa mazoezi hayo, usikimbilie kulipia klabu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto apate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na kamba ya kuruka au mpira wa makaratasi vinatosha. Kinachowanyima watoto mchezo ni kipindi cha michezo kugeuzwa cha hesabu. Kwenye mkutano ujao wa wazazi, simama uulize kipindi hicho kiko siku gani, na kama kweli watoto hutoka nje.