Kabla Hujaongeza Mbolea, Angalia Paa la Kitalu Nyumba Chako

Leo sizungumzii mbegu wala dawa. Nazungumzia paa la kitalu nyumba, au grinihausi kama wengi tunavyosema. Watu wanapoteza hela hapo bila kujua, na kuna mmoja ambaye mimi mwenyewe nilishiriki kumpotezea.

Mwaka juzi kijana mmoja alinipigia simu: "Bwana shamba, nyanya zangu zinarefuka tu, shina jembamba, maua yanadondoka." Kitalu chake cha mita 8 kwa 30 kiko kando ya barabara ya vumbi. Nilienda, nikakagua majani, nikamwambia anunue mbolea ya kupuliza. Akanunua. Wiki tatu zikapita, hakuna kitu. Niliporudi mara ya pili ndipo nikainua macho. Nailoni ilikuwa ya kahawia, na upande wenye kivuli cha mti ulikuwa umeota utando wa kijani. Hapo nilichemka kweli. Nilihangaika na majani, kumbe tatizo liko juu ya kichwa changu.

Mmea hutengeneza chakula chake kwa mwanga. Nailoni mpya iliyo safi hupitisha karibu asilimia 85 hadi 90 ya mwanga wa nje. Vumbi na utando vikikaa juu, kiasi hicho kinashuka kila mwezi. Wakulima wa nyanya za kitaluni wana kipimo chao cha makadirio: mwanga ukipungua asilimia 1, mavuno nayo hupungua karibu asilimia 1. Utaona zaidi miezi ya mawingu, jua lenyewe likiwa haba.

Jipime kwanza. Chukua kitambaa laini chenye maji, futa kipande cha nailoni unachokifikia, halafu linganisha na pembeni yake. Kama tofauti unaiona kwa macho, mmea umeshaiona zamani.

Sasa kusafisha. La kwanza kabisa: USIPANDE JUU. Nailoni haibebi mtu, na mabomba yake hayakutengenezwa kukanyagwa. Kule Uingereza nyumba nyingi zina chumba cha vioo, na mafundi wa kusafisha madirisha huosha paa zake wakiwa wamesimama chini, kwa brashi yenye mpini mrefu unaopitisha maji. Hawa ni watu wa kazi hiyo kila siku, na bado hawakanyagi paa. Sisi tuige.

Fanya hivi:

1. Chagua asubuhi mapema au jioni, siku isiyo na upepo. Mchana sabuni inakaukia juu na kuacha madoa.

2. Kama unavuna maji ya mvua, tenganisha gata na tangi. Maji machafu yakiingia tangini yataziba matone ya dripu. Funga pia mapazia ya pembeni.

3. Mwaga maji matupu kwanza kwa mpira, kuanzia juu kabisa. Mchanga ukisuguliwa mkavu unakwaruza nailoni, na mikwaruzo haitoki tena.

4. Changanya sabuni kidogo ya kuoshea vyombo kwenye ndoo ya lita 20. Sugua taratibu kwa brashi laini ya mpini mrefu. Kitalu kikiwa kirefu kwenda juu, rusha kamba upande wa pili, funga blanketi kuukuu lililolowa katikati, kisha watu wawili mvutane huku na huku, mkisogea polepole.

5. Suuza kwa maji mengi, kutoka juu kwenda chini.

Usitumie jiki, petroli, steelwire wala fagio gumu. Klorini hupunguza nguvu ya dawa iliyomo kwenye nailoni inayoizuia isiharibiwe na jua, kwa hiyo itachanika kabla ya wakati wake. Salfa nayo hivyo hivyo, uwe mwangalifu unapopulizia. Na tafadhali, usirushie maji kwa solo uliyotumia kupiga dawa ya magugu. Mabaki kidogo tu yanaweza kukuunguzia nyanya zote.

Ratiba? Kando ya barabara ya vumbi, kagua kila mwezi wakati wa kiangazi. Mvua huondoa vumbi, ila utando wa kijani haiutoi, huo unataka brashi. Matawi yanayoning'inia juu ya paa yapunguze.

Yule kijana tulisafisha naye asubuhi moja, watu watatu. Vichala vilivyofuata vilishika matunda vizuri. Vya mwanzo vilivyodondosha maua havikurudi, na hela ya mbolea ilishaenda. Nilimwomba radhi.

Tangu siku ile, nikiingia kitaluni kwa mtu naanza kuangalia juu, ndipo naangalia majani. Na wewe kesho asubuhi anza na kile kitambaa.