Sinema za Kifaransa (2): "Petit pays" na wazee wa Katumba

Ukiitafuta "Petit pays" kwenye vibanda umiza vya Mpanda utazunguka bure. Sinema hii ya mwaka 2020, iliyoongozwa na Mfaransa Éric Barbier, haina ngumi za kushangiliwa, na wale jamaa wa kutafsiri sinema kwa mbwembwe hawana la kufanya nayo. Hata hivyo sioni sinema ya Kifaransa ya miaka hii inayotugusa zaidi sisi wa Katavi.

Imetokana na riwaya ya Gaël Faye, mzaliwa wa Bujumbura, baba Mfaransa, mama Mnyarwanda. Mtoto Gabriel anakulia mtaa wa wenye nafasi; yeye na wenzake wanaiba maembe ya majirani huku wazazi wake wakigombana ndani. Juni 1993 Melchior Ndadaye anashinda uchaguzi wa rais wa Burundi, Oktoba anauawa. Aprili 1994 Rwanda nayo inawaka. Barbier hamwachi mtoto: vita tunaipata kama anavyoipata yeye, vipandevipande, katika mazungumzo ya wakubwa. Lakini aliyeibeba sinema ni Isabelle Kabano, anayeigiza mama. Anaporudi kutoka Rwanda alikokwenda kutafuta ndugu zake, mtazame macho tu, utajua alichokikuta.

Sasa ipeleke Katumba, makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi. Kwa wazee wa kule Burundi haikuharibika 1993. Iliharibika 1972, jeshi la Rais Micombero lilipoua Wahutu kwa makumi ya maelfu, likianza na wasomi, na walionusurika wakakimbilia kwetu. Katumba ilifunguliwa 1973, makazi mengine ya Mishamo 1978. Mama yake Gabriel ni Mtutsi aliyeikimbia Rwanda akapata hifadhi Burundi. Wazee wa Katumba waliikimbia Burundi hiyohiyo. Faye halaumiwi kwa hilo, kasimulia ya kwao.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo miaka ya 1980, alikuta watu hawamsimulii maisha ya mtu mmojammoja. Walimpa historia ya wote, ya "sisi", iliyofanana karibu kila nyumba. Sinema ya Kifaransa inapenda "mimi": mtoto huyu, mama huyu, ua huu. Kamera ya Barbier ingefika Mishamo isingejua ikae kwa nani.

Tena hadithi ya hao "sisi" ina sura ambayo bado inasubiri mwongozaji. Kuanzia 2014 watu wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya 160,000 waliokubaliwa, walianza kupewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Gabriel anaishia Ufaransa, akiitamani nchi aliyoiacha. Wajukuu wa Katumba wanashuka Mpanda mjini na magunia ya mahindi, na kura wanapiga hapa hapa.

Juma lijalo: maonyesho ya "Magiciens de la terre", Paris 1989, na vinyago vya Mmakonde John Fundi vilivyowekwa humo.