Mlimani Ambako Garimoshi Halikupanda

Sisi wa Tabora tumezoea kuamini kuwa penye reli ndipo penye mji. Nenda Kenya ya magharibi, upande wa Mlima Elgon, utaona jambo hilo lina nusu ya pili.

Huko chini tambarare hakuna ubishi. Reli ya kutoka Nakuru ilifika Eldoret mwaka 1924, na mwaka 1926 tawi lake likaingia Kitale, katikati ya mashamba ya Trans Nzoia waliyogawiwa walowezi wa Kizungu. Kabla ya hapo mazao yao yalivutwa na mikokoteni ya ng'ombe, na masika yakishika, mkokoteni hulala topeni. Njia kuu nayo ilipita Webuye na Bungoma hadi Malaba, ikafika Kampala mwaka 1931. Webuye ndipo reli ilipokutana na maporomoko ya mto Nzoia. Ndiyo maana kiwanda cha karatasi, kilichohitaji maji mengi na mabehewa, kilijengwa hapo.

Juu mlimani kuna mji wa Kapsokwony, ambao haujawahi kuwa na stesheni. Wenyeji wake ni Wasabaot. Wazee wao walichunga ng'ombe hata kwenye nyanda za Trans Nzoia, lakini nyanda hizo zilipokuwa mali ya walowezi, wao wakabanwa mlimani. Kwa hiyo reli iliyohudumia mashamba ya walowezi hao, ingawa haikufika Kapsokwony, ina sehemu yake katika kuijaza watu.

Huku mto ndio uliopanga makazi. Nyumba ziko mgongoni mwa kilima, migomba na kahawa inateremka, na chini kabisa kuna kijito. Hapo utawakuta vijana wamekunja suruali hadi magotini, wanakanyaga karoti majini mpaka tope linatoka na rangi inawaka. Zinatiwa guniani zikichuruzika, gunia linafungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda, na safari ya sokoni inaanza. Behewa lao ni hilo.

Maji yale yanaingia mito ya Kuywa na Kibisi, yanamwagikia Nzoia, kisha Ziwa Viktoria. Ndugu zetu wa Mwanza wanaoga ya Elgon bila kujua.

Ukitaka kwenda, panda matatu Bungoma hadi Kimilili, kisha uulize gari la Kapsokwony. Usisahau sweta.