Si mwili uliozoea dawa

Kwenye maduka ya dawa muhimu ya Igoma, Mwanza, kando ya barabara ya Musoma, kauli moja haiishi: “Hiyo mwili umeshaizoea, nipe kali zaidi.” Huenda ni mama mwenye mtoto anayechemka homa, au bodaboda aliyeambiwa ana yutiai, maambukizi ya njia ya mkojo, kwa mara ya tatu mwaka huu. Hofu yao naielewa. Lakini mwili hauzoei antibiotiki. Wanaobadilika ni bakteria.

Ushahidi uko kwenye kipimo cha kuotesha. Mkojo hupakwa kwenye sahani yenye agari, jeli itokanayo na mwani. Bakteria wakiota, wachache hutandazwa kwenye sahani nyingine, kisha juu yao huwekwa vikaratasi vya mviringo vyenye upana wa milimita 6, kila kimoja na dawa yake. Sahani hulala kwenye joto la nyuzi 35 hadi kesho yake. Dawa inayofanya kazi huacha duara tupu kuzunguka kikaratasi chake, nasi wa maabara twalipima kwa rula. Kwa seftriaksoni dhidi ya bakteria aina ya E. coli, milimita 23 au zaidi, dawa inafaa. 19 kushuka chini, haifai. Zipo sahani ambazo bakteria wameota mpaka ukingoni mwa kikaratasi, rula ikasoma 6 tu. Na humo sahanini hamna mwili wa mtu, ni dawa na bakteria peke yao.

Mara nyingi silaha ya bakteria sugu ni kimeng'enya kinachovunja pete ya beta-laktamu, kiini cha nguvu za penisilini na seftriaksoni. Maelekezo ya kukitengeneza kwa kawaida hukaa kwenye plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria humgawia jirani, hata wa jamii nyingine.

Ndiyo maana usugu husafiri. Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha CUHAS, Bugando, na wenzao walichapisha walichokikuta kwenye matumbo ya samaki na mazingira ya mwambao wa Ziwa Victoria hapa Mwanza: vimeng'enya hivyo, hasa CTX-M-15, aina inayosumbua pia wodini. Samaki hawaandikiwi dawa na daktari. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka uliofuata, ulionyesha kwamba kati ya watoto 107 wa mitaani jijini, 34 walikuwa wamebeba bakteria wa namna hiyo matumboni.

Kwa hiyo sikubali lawama zote abebeshwe asiyemaliza dozi. Dozi ifuatwe kama ilivyoandikwa, ndiyo. Lakini milima yetu ni mawe. Shimo la choo halichimbiki kwa kina, na mvua ikinyesha uchafu, pamoja na bakteria hao, hushuka mitoni hadi ziwani. Kwangu mimi, bomba la majitaka nalo ni vita dhidi ya usugu, na linastahili bajeti kama dawa.

Mtoto mwenye homa kali apelekwe kituo cha afya leo hii. Kwa yutiai inayojirudia, omba kuotesha, na toa mkojo kabla ya kidonge cha kwanza: hata dozi moja inaweza kuwazuia bakteria kuota sahanini, majibu yakasema hakuna kitu nawe ungali unaumwa. Majibu huchukua siku mbili hadi tatu. Ukianzishiwa dawa huku ukisubiri, rudi kuyachukua hata kama umepata nafuu. Pengine rula imesoma 6 kwa dawa hiyohiyo uliyonayo mfukoni.